Mashine ya Asilimia Themanini na Nne

Jumamosi, 27 Septemba

Leo nimeshinda. Naandika hivyo bila haya, maana nyumbani hapa hakuna wa kunisikia nikijisifu isipokuwa Baba, naye amejisifu kwa niaba yangu tangu mchana.

Kikundi chetu cha wakulima wa Yamumbi kimekuwa kikibishana kuhusu mashine ya kukausha mahindi tangu mwezi wa sita. Baba ndiye aliyekianzisha, ndiye mwenyekiti, na ndiye aliyesimama leo katika ukumbi wa kanisa akasema, "Hatuwezi kununua mashine kwa kusikia sikia. Tuko na mwalimu wa fizikia hapa. Wacha atupigie hesabu." Halafu akaketi, akakunja mikono, akanitazama kana kwamba kesi imekwisha kuamuliwa.

Draya zilikuwa mbili. Moja inatumia stima. Nyingine inachoma magunzi. Nilikuwa nimesoma karatasi za wauzaji wote wawili wiki nzima, nikawaeleza polepole: chukua kawi inayofanya kazi tunayoitaka, yaani kutoa maji kwenye mahindi, gawanya kwa kawi yote uliyoilisha mashine, zidisha kwa mia. Huo ndio ufanisi. Ya stima ni asilimia themanini na nne. Ya magunzi ni thelathini na moja. "Kwa hivyo," nikasema, "ukiilisha mashine hiyo magunia kumi ya magunzi, karibu saba yanapasha moto hewa ya nje."

Kipkorir, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alitaka ya magunzi. Nilimwuliza sababu. "Shemeji yangu wa Sugoi anayo," akasema. "Hiyo ikiwashwa inanguruma, unajua kabisa kuna kazi inafanyika." Watu walicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Nikamwambia kelele ni kawi inayopotea, hilo wanafunzi wangu wa Form Three wanalijua. Akainua mikono juu. "Basi, Mwalimu. Mimi si msomi."

Ya stima ikapita. Tukirudi nyumbani Baba alisema, "Maitu, umeongea vizuri." Ananiita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nyaguthii, na akifurahi huniita hivyo mara kumi kwa saa.

Jumatatu, 29 Septemba

Form Three bado wako kwenye kapi na mteremko. Niko nyuma ya silabasi. Mvua kidogo jioni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Draya imefika, imefungwa kwenye banda la kanisa, na imefanya kazi. Tuliijaza tani moja ya mahindi, yaliyopukuchuliwa kwa mikono, ya Mama Gerishon, yule mjane anayelima shamba la kukodi karibu na shule, na ndiye mweka hazina wetu. Ilipofika saa nane tangu iwashwe, yalikuwa yamekauka. Haikunguruma. Ilikuwa inavuma tu, kwa utulivu, na watu wakawa wanaweka mikono juu ya bomba na kuondoka wakitikisa vichwa kwa furaha.

Farah alikuja na kipima unyevu chake. Yeye na baba yake kabla yake, Mzee Abdirahman, ndio wamekuwa wakinunua na kubeba mahindi yetu miaka yote. Akachomeka kile chombo, akasoma: kumi na tatu. "Mwalimu, hii ni mahindi ya maana," akasema. "Mkinipatia yote namna hii, kumi na tatu na nusu kushuka chini, lori yangu itakuja baada ya Mashujaa Day, nibebe kila gunia." Baba akamshika mkono na kuushikilia.

Mama Gerishon alitafuna punje moja mbele yetu ili tusikie ikivunjika. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Kubwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Wazee wanasema si kawaida, mwezi huu ulikuwa wa jua. Kila mwaka wanasema si kawaida.

Alhamisi, 9 Oktoba

Trekta ya kupukuchua imefika kwenye mtaa wetu. Anayelima huku anajua maana yake. Mwenye trekta hupita mara moja tu, shamba kwa shamba, na ukikosa zamu yako utamwona tena Desemba, pengine usimwone. Miaka mingine mtu humwambia apite kama mahindi bado yana maji, akaacha yake kwenye magunzi, yamesimamishwa shambani kwa mafungu, yangoje. Mahindi yaliyo kwenye gunzi huvumilia mvua. Yakishapukuchuliwa mabichi yakatiwa kwenye gunia, hayavumilii hata wiki.

Asubuhi Baba alinikuta nikivaa viatu vya kwenda shule. "Maitu, watu wananiuliza. Tupukuchue, ama tumwache apite?"

Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama, kiatu kimoja mguuni. Tani moja kwa saa nane. Tani tatu kwa siku kama watu watakesha kwa zamu. Kikundi kizima kina kama tani thelathini. Siku kumi, kumi na moja. Tutakuwa tumemaliza Farah akileta lori.

"Pukuchueni," nikasema.

"Una hakika?"

"Baba, ni hesabu."

Niliporudi jioni, magunia yalikuwa yamejaa veranda. Kipkorir peke yake alipukuchua nusu, nusu akaiacha shambani. Nilimwuliza kwa nini. Akasema vijana wake walichoka. Alikuwa anatazama mawingu wakati akisema hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tani ya kwanza tangu tupukuchue ilichukua saa kumi na tano.

Nilidhani wamekosea kusoma saa. Nikaenda shule nikaazima voltmita ya maabara, nikapima penye soketi: mia moja na sabini. Inapaswa kuwa mia mbili na arobaini. Nilisimama pale na ule waya nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama vile mtu anavyoelewa akishaanguka. Mtaa umejaa. Nyumba za kupanga zimeota kila mahali tangu mwaka juzi, na wachomeleaji vyuma barabarani, na incubator za vifaranga, na wote wamening'inia kwenye transfoma ile moja iliyowekwa wakati tulipokuwa nyumba tisa. Siku ile ya majaribio ilikuwa Jumamosi ya Wasabato, na wachomeleaji wetu karibu wote ni Wasabato. Karakana zilikuwa zimefungwa. Leo nazo zimefungwa, lakini mvua imewaweka watu wote ndani, kila nyumba ina jiko la stima au hita.

Joto la draya hufuata volteji mara volteji. Ikishuka kutoka mia mbili na arobaini hadi mia na sabini, joto linabaki nusu. Nusu kamili. Nilifanya hesabu hiyo nikaipata sawa mara ya kwanza.

Kinachoniudhi ni kwamba ufanisi wake haujashuka. Ile kawi kidogo inayoingia, asilimia themanini na nne bado inakwenda kwenye mahindi. Sikudanganya mtu. Karatasi za muuzaji hazikudanganya. Kila kitu ni kweli, na mahindi ni mabichi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilienda kanisani na Baba. Aliomba muda mrefu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Radi imepiga transfoma. Tuliisikia tukiwa darasani, madirisha yalitikisika. Stima hakuna Yamumbi yote.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilienda ofisi ya stima mjini. Kijana wa dirishani alinisikiliza kwa heshima, akaandika, akanionyesha kwenye simu yake ramani ya sehemu zote zilizopigwa na mvua wiki hii. Ni nyingi kuliko nilivyodhani. "Mwalimu, mko kwa laini," akasema. "Transfoma ni mpya inatakiwa, si ya kurekebisha." Nilitafuta mtu wa kugombeza nikamkosa.

Darasani, somo la mwisho, nilikuwa nikirudia ufanisi kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa muhula. Niliandika ubaoni kama kawaida, kazi inayotoka juu ya kazi inayoingia. Hamdi akainua mkono. Hamdi hukaa nyuma na huuliza mara moja kwa muhula.

"Madam, na mashine ikiwa imezimwa? Efficiency yake ni ngapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia aje ubaoni aiandike. Akaandika sifuri juu ya sifuri, akarudi nyuma hatua, akaitazama.

"Inakuwa nini, Madam?"

"Haina jibu," nikasema. "Si sifuri, si mia. Haina jibu tu."

"Sasa mbona wanaandika kwa mashine eti eighty-something, na hawajui kama itawashwa?"

Kengele ikalia. Namshukuru aliyeipiga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijaenda shule. Nimesema naumwa, na si uongo.

Asubuhi Baba aliniita sebuleni. Magunia yetu yote yako mle ndani sasa, veranda imelowa. Akaniambia nitumbukize mkono kwenye gunia. Nikautumbukiza hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto. Joto la kweli, kama la chini ya kuku anayeatamia. Nikauchomoa mkono upesi.

"Yanajipika," akasema Baba.

Tukayamwaga yote sakafuni ili yapoe. Tulisukuma viti, tukatoa meza nje mvuani, tukaondoa mkeka. Chumba chake, chumba changu, jikoni, kote. Kisha tukaanza kuyageuza, yeye kwa koleo, mimi kwa mikono, maana yakikaa bila kugeuzwa yanaanza tena. Unaanzia mlangoni, ukifika ukutani, ya mlangoni yameshapata joto. Nje mvua inanyesha kana kwamba imelipwa. Harufu yake si ya kuoza bado. Ni tamu kidogo, kama pombe ya jana.

Mchana Mama Gerishon alikuja mbio, leso imelowa, akitaka kujua kama stima imerudi kwetu labda, maana kwake bado. Alipoona nyumba yetu alisimama mlangoni. "Mzee, hata nyinyi?" Baba akamwambia hata sisi. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane. Badala yake alivua viatu, akafunga leso kiunoni, akaanza kugeuza mahindi yetu kwa miguu, huku anasema ya kwake ameacha watoto wakiyageuza. Tuligeuza pamoja sisi watatu hadi mikono ikavimba. Hakuna aliyetaja hesabu.

Alasiri Baba alianza kukohoa kwa vumbi la mahindi. Nikamwambia apumzike. Akasema atapumzika yakikauka. Nikamwambia, "Baba, hayatakauka." Sijui kwa nini nilisema. Alisimama akiwa ameegemea koleo, akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri niendelee, niseme lakini, niseme kuna njia nyingine nimeifikiria. Sikuwa na lakini. Najua ni kilo ngapi za maji zimo ndani ya mahindi haya. Najua ni kawi kiasi gani inahitajika kuyatoa. Ninaweza kuandika jibu hadi nukta mbili. Nikainama nikaendelea kugeuza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kipkorir alikuja na pikipiki yake akasema twende Sugoi kwa shemeji yake, pengine watatusaidia. Hakuwa na lazima ya kuja.

Tuliisikia ile draya kabla hatujaiona. Inanguruma kweli. Imesimama kwenye uwanja wa matope chini ya mabati, jamaa mmoja anaitupia magunzi kwa uma kama anayelisha ng'ombe, na bomba linatoa moshi na joto hadi matone ya mvua yanakauka juu yake. Upotevu mtupu. Nilikwenda nikasimama karibu na bomba kwa sababu nilikuwa nimelowa na natetemeka, nikanyoosha mikono. Asilimia sitini na tisa ile niliyoicheka ikanipasha moto vizuri. Nyuma yangu, upande wa pili, mahindi makavu yalikuwa yanamwagika.

Magunzi wanayochoma ni yale trekta inayaacha shambani. Kwetu Yamumbi yako marundo, yananyeshewa, hakuna anayeyataka. Nilikuwa nimeyahesabu kama kawi inayoingia, nikaona yanapotezwa. Sikujiuliza yanatoka wapi, na stima inatoka wapi, na ipi kati ya hizo iko mlangoni kwangu Oktoba mvua ikinyesha. Hilo swali haliko kwenye kanuni. Kipkorir naye hakuwahi kuliuliza. Yeye alipenda sauti tu. Alikuwa sahihi kwa sababu ya kijinga, nami nimekosea kwa sababu nzuri, na mahindi hayajali sababu.

Shemeji yake alitupa chai. Akatuonyesha foleni ya magunia ya majirani zake, imezunguka nyumba. "Mwalimu, ningependa," akasema. "Lakini hawa walikuja mbele yenu. Labda mwisho wa mwezi." Tulimshukuru. Mwisho wa mwezi hakutakuwa na kitu cha kuleta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa Day. Mvua. Kuvu ya kijani kwenye kona ya chumba changu. Nimelala jikoni.

Jumatano, 22 Oktoba

Farah ameleta lori, kama alivyoahidi. Alikuja mwenyewe.

Hakuhitaji kile chombo chake lakini alikitumia, kwa heshima. Gunia la kwanza ishirini na mbili. La pili ishirini na tatu. La tatu alilifungua, akachota konzi, akaipeleka puani, akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Alizunguka nyumba zote za kikundi namna hiyo, Baba akimfuata nyuma na mwavuli. Alichokubali ni zile tani za mwanzo zilizokauka, za Mama Gerishon na wengine wawili, na nusu ya Kipkorir iliyobaki shambani akasema ataingoja.

Mwisho walisimama nje kwetu. Baba akasema, "Farah, mwanangu. Beba basi gunia moja. Moja tu. Ili lori isitoke kwangu ikiwa tupu. Haijawahi."

Farah alivua kofia yake. "Mzee, wewe ni baba yangu. Ungeniomba kitu kingine chochote. Hii iko na sumu ya kuvu. Ikiingia kwa posho ya watu, iue mtoto mahali, mimi nitamwambia Mungu nini?"

"Ni kweli," akasema Baba.

"Nisamehe, Mzee."

"Hakuna cha kusamehe. Ni kweli."

Lori ikaondoka. Nilikuwa dirishani. Nilikuwa na nafasi ya kutoka na kusema jambo, lolote, na sikutoka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mkutano. Nitaandika yote, nikiruka kitu nitakuja kujidanganya.

Ukumbi ulijaa. Kwa mara ya kwanza watu walikuja kwa wakati. Nilikuwa nimejiandaa. Jana yake nilikuwa nimeamua nitasimama wa kwanza kabla mtu hajauliza, niseme: mashine niliichagua mimi, na neno la kupukuchua nililisema mimi, kiatu mguuni. Nilikuwa nimeyapanga maneno hadi yakawa mepesi.

Baba alifungua kwa maombi, na kabla hajaketi akasema, "Nina jambo."

Akasema, "Mnakumbuka Mwalimu alisimama hapa akatetea ile ya stima. Sasa mjue. Mwalimu alikuwa amechagua ya magunzi. Alipiga hesabu yake nyumbani akaniletea, akasema, Baba, ya magunzi ndiyo itatufaa huku. Mimi nikakataa. Nilisema sitaki moshi kwa kanisa. Nikamwambia akisimama hapa aseme ya stima. Na yeye ni mtoto wangu. Angefanya nini?"

Hakuna neno moja la kweli mle ndani. Moshi hakuwahi kuutaja. Nilifungua kinywa. Watu wote walikuwa wameshageuka kunitazama, na nilichokiona kwenye nyuso zao kilikuwa huruma. Walikuwa wananihurumia mimi.

"Na kupukuchua?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ni mimi. Alinikataza."

Nilisimama. Nataka iandikwe kwamba nilisimama. Baba alinitazama, na ni jicho lile lile alilonitazama nalo nikiwa mdogo wageni wakiwapo. Kwetu hapa mtoto hamwambii mzazi wake mbele ya watu kwamba anasema uongo. Hata akiwa mwalimu, hata akiwa na mvi. Ningesema "Baba, si kweli," ningekuwa nimemvua nguo mara mbili: amepoteza mahindi ya watu, na sasa ni mzee mwongo ambaye binti yake amemuumbua kanisani. Nilitafuta namna ya kusema ukweli bila kumwita mwongo. Nimefundisha miaka kumi na minne, naweza kueleza kitu chochote kwa njia tatu. Sikuipata hata moja.

"Keti, Mwalimu," akasema Mama Gerishon kwa upole. "Tumeelewa."

Nikaketi.

Halafu wakamgeukia Baba. Sitayaandika yote. Mama Gerishon, aliyegeuza mahindi yetu kwa miguu yake, alisema watoto wake watakula nini, akalia, akamwuliza kama kiburi cha mzee ndicho atakachowapikia. Kipkorir peke yake hakumgeukia Baba. Alikuwa ananitazama mimi. Nadhani anajua.

Njiani nilimwambia Baba, "Kwa nini umefanya hivyo?" Nilipiga kelele, barabarani, watu wanapita.

Aliendelea kutembea. "Mimi wakinikasirikia, watasema ni uzee, wataendelea na maisha. Wewe wakikukasirikia, watawatoa wasichana wao darasani kwako. Yule Hamdi wako wa maswali atauliza nani?"

"Nitawaambia ukweli. Mmoja mmoja. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Utaniita mwongo nyumba kwa nyumba?"

Nililia. Yeye akaniambia nitazame mbele, kuna dimbwi.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumechimba shimo. Tumeyachanganya mahindi na jivu na dizeli mtu asije akayafukua kwa njaa. Baba alitaka kushika koleo, wakamwambia apumzike. Hawakulisema vizuri.

Jumatano, 5 Novemba

Nasimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule nyingine, upande wa Chepkoilel. Kutembea kati ya madawati kimya siku nzima. Kazi inayonifaa.

Ijumaa, 7 Novemba

Transfoma mpya. Volteji mia mbili thelathini na nane. Wameiwasha draya tupu kuijaribu na inavuma vizuri sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua kali tangu asubuhi.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikwenda kwa Kipkorir nikamwambia. Yeye si nyumba kwa nyumba, ni mmoja tu. Nikamwambia mashine ilikuwa yangu, hesabu yangu, neno langu. Alikuwa anakaza waya wa ua. Akaendelea kukaza.

"Najua," akasema. "Nilikuona vile ulikuwa unacheka siku ile. Mtu hachekangi hivyo na anaficha kitu."

"Nisaidie niwaambie."

"Mwalimu, Mzee amekataa. Mimi niingilie mambo ya mtu na mtoto wake?" Alivuta waya, akaupima kwa kidole. "Na hata nikiwaambia, wataniamini? Watasema nataka kiti."

Jumamosi, 29 Novemba

Uchaguzi wa kikundi. Baba aliniambia nyumbani kwamba hatagombea, na kwamba jina langu litatajwa, na kwamba nikikataa kikundi kitavunjika. "Kubali," akasema. Nilisema hapana. Nilisema hapana mara nyingi, kwenye chai, kwenye njia, mlangoni mwa ukumbi.

Mama Gerishon ndiye aliyenitaja. "Sasa tumpe mwenye akili," akasema, "na apige hesabu bila kufinywa na mtu." Wakapiga makofi. Walipoulizwa wanaoniunga mkono, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Baba, kutoka benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali hukaa wanaochelewa. Sikuona hata mmoja uliobaki chini. Wakanisukuma hadi mbele, kwenye kiti. Kilikuwa bado kina joto la mtu aliyesimamia kura.

Ajenda ya kwanza ilikuwa mashine. Wanataka kuuza ya stima, wanunue ya magunzi, na wanataka niwahesabie. Watu watatu waliongea. Kisha nikaona mkono wa Baba uko juu.

"Mwenyekiti," akasema, "naomba ruhusa niongee."

"Mzee, wewe keti," akasema Mama Gerishon, bila kugeuka. "Ulishaongea ya kutosha." Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Katiba ya kikundi, ambayo aliiandika yeye mwenyewe, inasema ni mwenyekiti tu anayempa mtu nafasi ya kuongea au kumnyima. Ukumbi wote ukaniangalia. Kama ningempa nafasi wangemzomea. Nilikuwa nimeshaiona midomo yao ikijiandaa. Kama ningemnyima ningekuwa nimemnyima. Nilimtazama. Alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, anangoja kama mwanachama yeyote.

Kisha akanitikisia kichwa, kidogo sana, akaketi kabla sijafungua kinywa.

Nikauliza kama kuna mwingine. Kipkorir akainua mkono, nikampa nafasi.